Breki Ndani ya Sanduku

Harufu ndiyo iliyotangulia. Oddný aliisikia akiwa kiti cha nyuma, amebanwa kati ya masufuria na gunia la viazi: harufu kali, chungu, kama pembe iliyotupwa motoni. Kwanza alidhani ni vile vichwa vya kondoo alivyovibabua juzi kwa ajili ya wachungaji. Akafunua sufuria, akanusa. Vichwa vilikuwa vimetulia, vimekenua meno yao madogo, havina hatia.

"Ketill, kuna kitu kinaungua."

"Tope limegandia kwenye ekzosi," alijibu kaka yake bila kugeuza shingo. "Wewe angalia masufuria yako."

Brandur, mume wa Oddný, alikuwa amekaa mbele, kando ya dereva. Alishusha kioo kidogo. Moshi wa kijivu ukapanda kutoka gurudumu la mbele, ukaingia ndani pamoja na theluji.

"Shemeji," alisema kwa upole wake, "ekzosi yako siku hizi inakaa kwenye tairi?"

Ketill hakucheka. Mguu wake ulikuwa juu ya breki tangu walipoanza kuteremka mteremko wa Grjótbrekka, na sasa ulianza kuipiga pedeli harakaharaka, pah, pah, pah, kama mtu anayezima moto wa nyasi kwa buti.

Pikapu yake ilikuwa na matairi yanayomfika Oddný kifuani. Matairi ya namna ile hupita juu ya theluji na kuvuka mito ya barafu, na nusu ya wanaume wa wilaya yao huota kuwa nayo. Lakini mzigo wa mpira na chuma kiasi kile ukishashika kasi, breki ndogo zilizotoka na gari kiwandani haziuwezi. Ukiongeza tairi, ongeza breki. Hilo hufahamika na kila mtu anayepanda nyanda za juu za Iceland, na Ketill alikuwa hodari wa kulihubiri kuliko wote. Majira ya kuchipua aliwaambia watu kwamba amekwisha kufunga diski kubwa na kalipa kubwa za kuzibana mbele. Ndiyo maana walimpa kazi ya kupeleka chakula kwenye kibanda cha wachungaji, mwezi huu wa Septemba ambapo kondoo wanateremshwa kutoka milimani. Ndiyo maana Oddný alikubali kupanda.

"Imelala," Ketill alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Pedeli imelala chini kabisa."

"Punguza gia!" alisema Brandur.

Ketill alipunguza. Injini ililia, gari likatetemeka, kisha likaendelea kukimbia kama kwamba hakuna aliyeligusa. Njia ilikata kona mbele yao, na nje ya kona hakukuwa na kitu ila hewa nyeupe. Ketill akalisukumia gari upande wa mlima. Chuma kikasaga jiwe. Kioo cha upande wa Brandur kikamwagika. Wakaruka, wakatua, kitu kikapasuka chini ya sakafu, na Oddný akaona sufuria ya supu ikipita mbele ya uso wake polepole, kama ndege. Halafu pikapu ikateleza hadi changarawe ya mto, ikagonga mwamba, ikasimama.

Halafu Brandur akapiga kelele.

Moto ulikuwa umeshika gurudumu la mbele, grisi na mpira vikiwaka pamoja. Ketill alitoka mbio na kuanza kuupiga kwa mikono, amevaa glavu zake za nailoni. Moto ulizimika. Glavu hazikutoka. Zilikuwa zimeyeyuka na kushikana na viganja vyake, na alipojaribu kuivuta moja kwa meno, ngozi ilikuja nayo. Oddný aliona. Alisikia pia harufu yake, na haikuwa tofauti sana na ile ya vichwa vya kondoo.

Alitapika kando ya tairi. Kisha akaenda kwa mumewe.

Mlango ulikuwa umekunjwa ndani na kulibana paja la kulia la Brandur. Oddný alitumia mtaimbo kuufungua. Mfupa haukutoka nje, lakini paja lilikuwa limepinda mahali pasipo goti, na lilikuwa linavimba ndani ya suruali.

"Usinidanganye," Brandur alisema akiwa amekunja uso. "Bado upo mguu?"

"Upo."

"Basi uambie upunguze makelele."

Akamkata suruali, akamfunga paja kwa vipande vya sanduku la viazi na kamba ya hema. Brandur aliuma mkanda. Alipozirai kidogo, Oddný alishukuru, akakaza kamba upesi.

Ndani ya gari hapakufaa hata mbwa. Dumu la dizeli lilikuwa limepasuka. Supu ya kondoo, soseji za damu, viazi na dizeli vilikuwa vimechanganyika sakafuni, na mafuta ya kondoo yalianza kuganda meupe juu ya uchafu ule. Vichwa vilikuwa vimetawanyika, kimoja kimejibana chini ya kiti kikiwatazama. Oddný alivitoa kwa koleo, akifumba mdomo ili asivute hewa. Kilichosalia salama kilikuwa pakiti ya samaki mkavu. Walipomla, naye alinuka dizeli.

Simu hazikuwa na mtandao. Antena ya redio ilibaki mahali fulani juu ya mteremko. Wachungaji wangesema gari limecheleweshwa na theluji, wangelala njaa, wangengoja. Hakuna ambaye angehangaika kuwatafuta leo wala kesho.

"Tunarudi tulikotoka," alisema Oddný. "Mimi nitaendesha. Wewe huna mikono."

Walijaribu mara moja tu. Gia ya nguvu, ile ya milimani, ilikuwa imevunjika pikapu ilipogonga mwamba, na theluji mbichi ilikuwa imegeuza mteremko kuwa sabuni. Pikapu ilipanda kidogo, ikakwama, ikaanza kurudi nyuma. Oddný alikanyaga breki na mguu wake ukazama kama ndani ya siagi. Walirudi kinyumenyume hadi changarawe ile ile, Brandur akilia kwa kila jiwe. Oddný alizima injini. Mikono yake ilibaki imeshika usukani.

"Mbele kuna njia gani?" aliuliza.

"Tuta, halafu mteremko mrefu wa Ytri-Melar, mpaka kwenye shamba la jina hilo," alijibu Ketill. "Ni mkali kuliko huu. Bila breki ni kaburi."

"Ulisema umebadilisha breki."

Ketill alitazama mikono yake. Kipande cha nailoni nyekundu kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye kidole cha kati kama ngozi ya pili.

"Ketill. Ulisema umebadilisha."

Oddný alipanda nyuma kutafuta blanketi la Brandur, na chini ya turubai, nyuma ya marobota ya nyasi ya farasi, aligusa sanduku zito. Alilifungua. Ndani ya karatasi yenye mafuta zilikaa diski mbili pana zinazong'aa, kalipa mbili kubwa, pedi, mipira mipya ya kupitishia mafuta, vishikizo na chupa mbili za mafuta ya breki. Chupa moja ilikuwa imepasuka na kukauka. Vingine vyote vilikuwa vipya, havijaguswa na tope hata la dakika moja.

Alirudi na diski moja, akaiweka mapajani mwa kaka yake.

"Nilikuwa nizifunge," alisema Ketill. "Nilizibeba ili nikipata nafasi, huko kibandani, labda..."

"Tangu majira ya kuchipua?"

"Nilikuwa na taa za kufunga. Na rangi. Na maonyesho ya magari yale ya Julai." Aliisukuma diski kwa kiwiko. "Breki hazionekani, Oddný. Mtu akilitazama gari anaona tairi."

Alingoja matusi. Angeyapokea kwa faraja. Lakini Oddný alimtazama tu, jinsi mtu anavyotazama kitu kilichonata chini ya kiatu, kisha akageuka akatema mate kwenye theluji. Ladha ya dizeli haikutoka.

Walilala, kama ni kulala, wamekumbatiana kwa lazima ili wasigande, Brandur katikati. Oddný alisikia pumzi ya kaka yake karibu na sikio lake, pumzi ya samaki na hofu, na akatamani kumsukuma nje. Hakumsukuma, kwa kuwa mwili wake ulikuwa na joto. Brandur alikojoa ndani ya sufuria ya supu, akaomba radhi, na Oddný akaimwaga dirishani.

Kulipopambazuka aligusa mguu wa mumewe. Paja lilikuwa gumu kama gogo. Unyayo ulikuwa mweupe, baridi, na alipoubonyeza kidole Brandur hakusema kitu.

"Unasikia hapa?"

"Wapi?"

Oddný alishuka garini, akavaa ovaroli ya Ketill iliyonuka jasho la majira yote ya joto, akachukua spana.

"Haya, fundi," alimwambia. "Nipe maneno. Mikono ninayo mimi."

Theluji ilikuwa inaruka kwa ubavu, mbichi, yenye majivu ya volkano ndani yake, ikikwangua meno. Jeki ilizama topeni. Wakatafuta mawe bapa, wakaitandikia, ikazama tena, wakaongeza mengine. Nati za tairi zilikuwa zimekazwa na joto la jana, na Oddný alizilegeza kwa kusimama juu ya mpini wa spana na kurukaruka. Gurudumu lilipotoka lilimwangukia begani. Iliwabidi wote wawili, yeye kwa mikono na Ketill kwa mgongo, kulisogeza pembeni, na alipolitazama limelala pale, kubwa, jeusi, lenye meno mapya, Oddný alilipiga teke.

Diski ya zamani ilikuwa ya bluu kwa joto, imepasuka ufa unaoingia ukucha. Pedi hazikuwepo tena. Vibati vyake tu vilibaki, na unga mweusi unaonuka kama jino bovu.

"Hii ndiyo iliyotubeba sisi watatu," alisema. "Hii."

"Piga nyundo kati ya bolti," alisema Ketill. "Sio pembeni. Kati. Zungusha, piga tena."

Ketill alizijua breki zile. Hilo ndilo lililomkirihi zaidi dada yake: alijua kila bolti. Alijua ipi huvunjika na ipi huzungushwa kwa upole. Alijua kwamba kishikizo cha kalipa lazima kikazwe kabla ya mpira, na kwamba ukisahau kijipete cha shaba mafuta yatavuja. Alimwelekeza kama anayemsomea mtoto, bila kukosea hata neno. Angeweza kuifanya kazi hii mwenyewe ndani ya gereji yenye joto, redio ikiimba, kahawa pembeni, siku moja tu ya majira yote ya joto.

Bolti ya chini iligoma. Oddný aliisukuma kwa mguu, spana ikateleza, na vifundo vya vidole vyake vikakwanguka hadi nyama. Damu ilitiririka ndani ya mkono wa ovaroli.

"Choma moto," alisema Ketill. "Chukua jiko la gesi."

"Kando ya dizeli?"

"Mbali na mlango. Upepo unapeleka kule. Fanya."

Alifanya. Bolti ililia, ikalegea.

Kutoka ndani, Brandur aliita, "Mke wangu! Nikifa, usiolewe na fundi."

"Ni kaka yangu, mjinga wewe."

"Ndiyo maana nakuonya."

Oddný alicheka, na kicheko kiligeuka kikohozi, na kikohozi kikawa machozi, naye akayafuta kwa mkono wenye grisi na kuendelea.

Upande wa pili ulikuwa mwepesi zaidi, au labda mikono yake ilikuwa imejifunza. Walipomaliza mipira na kalipa, mafuta ya breki yalikuwa nusu chupa. Oddný aliitikisa chupa karibu na sikio la kaka yake, naye akasikiliza.

"Yatatosha mbele. Breki za nyuma zitabaki na mafuta yale ya zamani. Tukimwaga hata tone, basi."

Ketill hakuwa na mikono, lakini alikuwa na miguu. Alikaa kwenye usukani. Oddný alilala chali chini ya gari, mgongo ndani ya maji ya theluji, spana ndogo kwenye skrubu ya kutolea upepo ulionaswa kwenye mipira.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!" Alifungua. Hewa ilikohoa, povu la mafuta likamrukia mdomoni, chungu, laini, la kuchefua. Alifunga. "Achia!"

"Nimeachia."

"Kanyaga!"

Ikawa hivyo, tena na tena, upande huu kisha ule. Ketill hakuweza kumwona dada yake, wala Oddný hakuweza kumwona Ketill. Kulikuwa na sauti tu juu na sauti tu chini, na kati yao mafuta yakipita ndani ya mpira mwembamba. Povu lilipungua. Yakaja mafuta matupu, safi, kama mkojo wa mtoto mchanga.

"Inasimama," Ketill alisema kutoka juu. "Oddný, pedeli inasimama."

Oddný ndiye aliyeendesha. Ketill alikaa nyuma, kwenye utelezi na uvundo, amemkumbatia Brandur kwa viwiko ili paja lisitikisike. Walipanda tuta taratibu. Juu kabisa theluji ilifunguka kidogo, na Oddný akaiona njia ikiteremka upande wa pili, nyembamba, nyeupe, ikipotea ndani ya ukungu kama kamba iliyotupwa kisimani.

"Usiishikilie breki muda wote," Ketill alisema. "Gia ya kwanza. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Ipe nafasi ipoe."

"Najua."

"Najua unajua. Nasema tu."

Akaanza kuteremka. Mara ya kwanza alipobonyeza, gari liliinamisha pua na kutii, na kitu ndani ya kifua chake kikalegea kwa ghafla hivi kwamba nusura akojoe. Bonyeza, achia. Kona ya kwanza. Tairi la nyuma lilitoka nje ya njia, mawe yakaporomoka bila kusikika yakifika chini. Bonyeza. Alisubiri harufu ile. Pua yake yote ilikuwa inaisubiri. Dizeli aliisikia, supu iliyooza aliisikia, mikono ya Ketill iliyoanza kutoa maji aliisikia. Harufu ya pembe iliyoungua haikuja.

Katikati ya mteremko barafu ilikuwa imevuka njia, kijito kizima kimeganda. Pikapu ilianza kujiendea. Brandur alipiga ukelele mmoja kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulitisha zaidi.

"Achia breki!" Ketill alisema. "Achia kabisa, Oddný, liache lishike!"

Kila mshipa mwilini mwake ulitaka kukanyaga. Aliachia. Gari likakimbia, likakimbia, yale matairi yaliyolaaniwa yakazunguka, yakauma changarawe ng'ambo ya barafu, na hapo ndipo alipobonyeza kwa uzito wake wote. Likasimama. Pua ilikuwa juu ya ukingo. Injini ilinguruma polepole.

"Brandur?"

"Yupo," alisema Ketill. "Anapumua. Twende."

Mbwa wa Ytri-Melar ndio waliotangulia kuwaona, kisha mwenye shamba, Sólrún, mwanamke mfupi mwenye sweta iliyotoboka viwikoni. Alichungulia ndani ya gari, akarudi nyuma hatua moja akiziba pua.

"Mungu wangu, mmebeba maiti?"

"Bado," alisema Brandur.

Sólrún alikimbilia simu. Kikosi cha uokoaji kilifika na gari la wagonjwa kutoka kijijini. Wakampa Brandur dawa, wakamnyoosha, na mmoja wao, kijana mwenye ndevu nyekundu, alibonyeza unyayo wake akasema bado damu inapita, kidogo, lakini inapita, tusichelewe. Oddný alitaka kupanda naye. Walimwambia nafasi ni ya mhudumu wa afya tu. Alisimama uani akiyatazama magurudumu yakiondoka, mpaka Sólrún alipomshika mkono na kumwingiza jikoni.

Ketill alikuwa pale mezani, mikono yake imefungwa bendeji nyeupe kama mikate miwili. Gari la pili lilikuwa linakuja kumchukua. Majirani wawili walikuwa wameingia kusikia habari, na mkubwa wa kikosi alikuwa anauliza.

"Ilikuwa theluji, sio? Grjótbrekka ni mbaya kukiwa na theluji."

Oddný aliegemea jokofu, akamtazama kaka yake. Mlango wa uongo ulikuwa wazi kabisa, na mkubwa wa kikosi mwenyewe alikuwa amemkaribisha aingie.

"Theluji haikufanya kitu," alisema Ketill. "Breki nilikuwa nazo ndani ya sanduku. Niliwaambia watu nimezifunga, na sikuzifunga. Nimemvunja shemeji yangu mguu."

Majirani walitazama viatu vyao. Sólrún akamimina kahawa, akaweka kikombe mbele ya Ketill bila kufikiri, na Ketill akakitazama. Aliinua mikono yake miwili ya bendeji, akaishusha.

Hakuna aliyesogea. Oddný ndiye aliyevuta kiti, akakaa kando yake. Ovaroli yake bado ilikuwa inanuka, vidole vyake vimepasuka, na chini ya kila ukucha palikuwa na unga ule mweusi. Alichukua kikombe, akakipuliza, akakisogeza mdomoni mwa kaka yake.

"Oddný," alianza Ketill.

"Usiseme kitu. Bado nakuona kinyaa."

"Najua."

"Kunywa."

Akanywa. Kahawa ikamdondoka kidevuni, naye akamfuta kwa mkono wa ovaroli, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria, kisha akakiinua kikombe tena.